Jiwe kwenye mzinga: jinsi itikadi kali inavyokuza vita vya mataifa

Mwezi Juni 2025, siku chache baada ya Israel kuanza kuishambulia Iran, nilikaa kwenye kijiwe cha kahawa Magomeni baada ya swala ya Magharibi. Kijana mmoja wa bodaboda alikuwa anazungusha simu yake kutoka mkono hadi mkono. Ilikuwa na video ya wingu kubwa jeupe likipanda juu ya bandari, halafu kishindo, halafu mtu anapiga kelele kwa Kiarabu. Chini yake pameandikwa: "Haya yametokea leo. Muislamu gani atakaa kimya?" Watu wakatazama, wakatikisa vichwa, mmoja akamwaga kahawa yake chini kwa hasira.

"Mzee," kijana akamwuliza fundi cherehani mmoja anayeheshimika pale, "hivi hii vita ameianzisha nani hasa?"

Majibu yakaja kwa mpigo. Huyu Marekani, yule Wayahudi, mwingine maayatollah, wale viongozi wa dini wa Iran. Mzee alisubiri kelele zitulie. "Mwanangu," akasema, "ukikuta nyuki wamevamia mtaa, usiwaulize nyuki wanataka nini. Tafuta nani kauchokoza mzinga. Halafu uangalie alikuwa amesimama wapi wakati anarusha lile jiwe. Utakuta alikuwa mbali."

Nimeishi na sentensi ile tangu siku hiyo, kwa sababu inaeleza jambo ambalo taarifa za habari haziligusi. Tunasikia kwamba kikundi fulani cha wenye itikadi kali kimeshambulia, kisha tunasikia kwamba nchi fulani imejibu, kisha tunahesabu maiti. Namna jiwe moja dogo linavyoweza kuwatoa nyuki wote hatuelezwi, na ndiyo sehemu inayotuhusu sisi tunaokaa chini ya mzinga.

Kwanza tukubaliane juu ya maneno, maana hapa Kiswahili kinaweza kutuchanganya. Mtu mwenye msimamo, kwetu, ni mtu wa kusifiwa. Ukisema "yule ana msimamo" umemaanisha hayumbishwi. Lakini ongeza neno moja tu, "msimamo mkali", na tayari umemweka karibu na bunduki. Si haki. Dar es Salaam imejaa watu wenye dini kali kwao wenyewe: Answari anayepandisha suruali juu ya vifundo na hapeani mkono na mwanamke asiye maharimu wake, mlokole asiyeingia kwenye sherehe yenye bia hata kama bibi harusi ni mdogo wake. Wanaudhi ndugu, pengine. Hawajamdhuru mtu. Wengi wao ndio wa kwanza kufika msibani na kuchukua jembe makaburini.

Itikadi kali ninayoizungumzia inaanza mahali pengine. Inaanza pale mtu anapojipa mamlaka ya kuamua nani yumo ndani ya dini na nani yumo nje, kisha akaamua kwamba damu ya aliye nje ni halali. Kwa Waislamu jambo hili lina jina la zamani, kukufurishana, yaani kuitana makafiri, na maulamaa wameonya juu yake tangu zama za Makhawariji, kundi la kale lililojitenga, waliomuua Sayyidna Ali, khalifa wa nne, mwaka 661. Waliomuua walikuwa wasomaji wa Qurani. Dini nyingine zina majina yao kwa ugonjwa huo huo, na nitalitaja moja baadaye.

Tukumbuke pia kwamba mara nyingi wanaotoa hukumu hizi si wanazuoni. Februari 1998 Osama bin Laden na wenzake walitoa tamko la kuwataka Waislamu wawaue Wamarekani na washirika wao, askari na raia, popote wawapatapo. Walilitoa kwa sura ya fatwa, yaani hukumu ya mwanazuoni wa dini. Bin Laden alisoma mambo ya uchumi na biashara Jeddah. Ayman al-Zawahiri, aliyetia saini naye, alikuwa daktari wa upasuaji. Fatwa hiyo ilitufikia sisi miezi 6 baadaye.

Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998, saa nne na nusu asubuhi ilikuwa imeshapita, lori dogo la friji lilifika kwenye geti la ubalozi wa Marekani, Barabara ya Laibon, Oysterbay. Ndani yake kulikuwa na baruti na mitungi ya gesi. Mzigo ule ulikuwa umeandaliwa humu humu mjini, kwenye nyumba ya kupanga Ilala, katika mtaa ambao watu walikuwa wanapika na kufua kama kawaida. Getini kulikuwa na boza la maji, yale maboza ambayo sote tunayajua, likiwa katika kazi yake ya kuleta maji. Boza likawa limeziba njia, na lile lori halikuweza kulisogelea jengo zaidi. Likalipuka pale pale. Dakika chache kabla, Nairobi, lori jingine lilikuwa limelipuka katikati ya jiji. Nairobi walikufa watu 213. Hapa kwetu walikufa 11 na wengine 85 wakajeruhiwa.

Tamko lilisema adui ni Mmarekani. Katika wale 11 waliokufa Dar es Salaam hakuna Mmarekani hata mmoja. Walikuwa Waafrika, wakiwemo walinzi wa getini, watu waliotoka nyumbani alfajiri kutafuta riziki. Na ukiyasoma majina yao, mengi ni ya Waislamu. Nikifika hapa huwa nashindwa kuendelea kwa utulivu. Walioua walidai wanaulinda Uislamu, na siku ya Ijumaa, kabla ya swala, wakawaua watu ambao wangekuwa nao safu moja msikitini.

Kwa nini Dar es Salaam, basi? Tanzania haikuwa na ugomvi na al-Qaeda, kundi la bin Laden. Walituchagua kwa kuwa tulikuwa mahali rahisi pa kusimama na kurusha jiwe. Tarehe nayo ilikuwa na maana: siku kama ile mwaka 1990, baada ya Iraq kuivamia Kuwait, askari wa Marekani walianza kupelekwa Saudi Arabia, nchi ya Makka na Madina, na jambo hilo ndilo bin Laden alilolifanya kuwa dai lake kuu. Kikundi cha mamia kadhaa ya watu hakina jeshi la anga, wala manowari, wala uwezo wa kuishinda dola kubwa vitani. Kinachoweza kufanya ni kuikasirisha mpaka itoke nje na kupiga ovyo. Dola ikipiga ovyo, wanaoumia huanza kuamini yale ambayo kikundi kilikuwa kinayahubiri bila wasikilizaji. Jibu la adui linakuwa mahubiri yao.

Na jibu lilikuja baada ya siku 13. Tarehe 20 Agosti 1998 Rais Bill Clinton aliamuru makombora yapigwe kwenye kambi za Khost, Afghanistan, na kwenye kiwanda cha dawa cha al-Shifa, Khartoum. Bin Laden hakuguswa. Kiwanda kilichosambaratishwa kilikuwa kinatengeneza dawa za binadamu na za mifugo, na madai ya Marekani kwamba kilihusika na silaha za kemikali hayakupata ushahidi wa kuridhisha.

Kuna kipande cha habari hii ambacho hakizungumzwi sana. Mwanamfalme Turki al-Faisal, aliyekuwa mkuu wa ujasusi wa Saudi Arabia, amesimulia kwamba mwezi Juni 1998 alikwenda Kandahar, Afghanistan, na kiongozi wa Taliban waliokuwa wanatawala huko, Mullah Omar, alikubali kimsingi kumkabidhi bin Laden. Aliporudi Septemba, baada ya makombora, alimkuta Mullah Omar mtu mwingine, anafoka, hataki kusikia. Huenda asingemtoa hata hivyo. Watu wa siasa wana ahadi nyingi. Lakini angalia hesabu ilivyobadilika. Kabla ya Agosti, bin Laden alikuwa mgeni mwenye kuwaletea Taliban usumbufu. Baada ya Agosti, kumtoa kungekuwa ni kupiga magoti mbele ya aliyekurushia makombora.

Yaliyofuata tunayajua kwa vipande. Oktoba 1999 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likaiwekea Taliban vikwazo. Oktoba 2000 meli ya kivita ya Marekani, USS Cole, ikalipuliwa bandarini Aden, wakafa mabaharia 17. Septemba 11, 2001, zikashambuliwa New York na Washington. Oktoba mwaka huo, vita ya Afghanistan, iliyodumu miaka 20, ikaua zaidi ya watu 150,000, na kuishia Agosti 2021 kwa Taliban wale wale kurudi Kabul. Mwaka 2003 ikavamiwa Iraq, ambayo haikuhusika na Septemba 11. Jeshi la Iraq likavunjwa, maofisa wakabaki mitaani bila mshahara na wakiwa na kinyongo, na baadhi yao ndio waliokuja kuwa uti wa mgongo wa Dola ya Kiislamu, kundi lililouteka mji wa Mosul mwaka 2014 na kujitangazia ukhalifa.

Sisemi kwamba lori la friji la Oysterbay ndilo lililozaa Mosul. Kati ya hayo mawili kuna watu wengi, na kila mmoja alikuwa na nafasi ya kuamua. Hapo ndipo maelezo mengi yanapopotea njia. Yanazungumza kama vile moto unajisambaza wenyewe. Vita haina miguu. Kila hatua kuna mtu aliyesaini, aliyepiga simu, aliyekataa kukutana, aliyeona uchaguzi unakaribia.

Sasa nilitimize lile nililoahidi, kutaja jina la ugonjwa huu katika dini nyingine. Kuna watu, na vijiweni ni wengi, wanaodhani ugonjwa huu ni wa dini moja. Tuitazame Palestina na Israel ya miaka ya 1990. Septemba 1993, Yasser Arafat, kiongozi wa Wapalestina, na Yitzhak Rabin, waziri mkuu wa Israel, walishikana mikono baada ya makubaliano ya amani ya Oslo. Kila upande ulikuwa na watu walioona kupeana mikono kule ni usaliti mbele ya Mungu. Tarehe 25 Februari 1994, mwezi wa Ramadhani, mlowezi mmoja wa Kiyahudi, daktari aitwaye Baruch Goldstein, aliingia katika Msikiti wa Ibrahim, Hebron, wakati wa swala ya alfajiri, akawamiminia risasi watu waliokuwa wanaswali. Aliua 29. Sisi tunajua maana ya arobaini. Zilipotimia siku 40, tarehe 6 Aprili, Hamas, kundi la Wapalestina lenye silaha, ikalipua gari karibu na basi katika mji wa Afula, ikaua raia 8, na ikatamka kwamba ni kisasi cha Hebron. Mabasi mengine yakafuata.

Novemba 1995 Rabin mwenyewe akapigwa risasi Tel Aviv. Muuaji hakuwa Mpalestina. Alikuwa Myahudi kijana, Yigal Amir, mwanafunzi wa sheria, aliyejitetea kwa hukumu ya kale ya Kiyahudi inayoitwa "din rodef", kwamba anayemfukuza mtu ili amuue inaruhusiwa auawe kwanza. Naye hakuwa rabi, mwanazuoni wa dini ya Kiyahudi. Mapema mwaka 1996 Hamas ikalipua mabasi zaidi, Waisraeli wakaingiwa na hofu, na mwezi Mei Benjamin Netanyahu, mpinzani wa Oslo, akashinda uchaguzi kwa tofauti isiyofika asilimia 1.

Goldstein, Amir na walipuaji wa Hamas wangekutana wangeuana. Hawakuwahi kukaa kikao kimoja. Hata hivyo walikuwa wanajenga nyumba moja, huyu anapanga tofali, yule anampa udongo. Kila mmoja alimpa mwenzake ushahidi wa kuwaonyesha watu wake: mnaona, niliwaambia hawa hawataki amani. Walioachwa bila hoja ni wale wa katikati, waliokuwa wengi kuliko wote.

Na nyumba ile bado inaendelea kujengwa. Tarehe 7 Oktoba 2023 Hamas iliua watu wapatao 1,200 kusini mwa Israel, wakiwemo vijana wawili wa Kitanzania waliokwenda kule kujifunza kilimo. Vita iliyofuata Gaza imeua makumi ya maelfu, wengi wakiwa wanawake na watoto. Wahouthi, kundi lenye silaha la Yemen, wakaanza kushambulia meli katika Bahari ya Shamu, makampuni ya meli yakazungushia mizigo Rasi ya Tumaini Jema, na mfanyabiashara wa Kariakoo aliyekuwa anasubiri kontena akaambiwa aongeze wiki na aongeze nauli. Kisha Lebanon, kisha Iran yenyewe, kisha tarehe 22 Juni 2025 ndege za Marekani zikapiga vituo vya nyuklia vya Iran. Kila aliyeingia alisema anamjibu aliyetangulia.

India na Pakistan wana mtindo huo huo, ila wao wana mabomu ya nyuklia. Aprili 2025 wenye silaha waliwaua watu 26, wengi wao watalii, huko Pahalgam, Kashmir. Mwezi uliofuata nchi hizo mbili zilikuwa zinarushiana makombora, mpaka ziliposimamisha mapigano tarehe 10 Mei. Watu wachache wenye bunduki waliweza kuziburuta nchi zenye watu zaidi ya bilioni 1.6 hadi ukingoni, kwa sababu kila serikali iliogopa kuonekana dhaifu mbele ya wananchi wake.

Lakini mfano ninaotaka tukae nao zaidi uko karibu, ng'ambo ya Mto Ruvuma. Cabo Delgado, Msumbiji, ni mahali ambapo Mtanzania wa Mtwara ana shangazi. Wamakonde wako pande zote mbili za mto, Kiswahili kinasikika sokoni, na bidhaa zimekuwa zikivuka kwa mitumbwi tangu kabla ya mipaka. Mgogoro wake ulianza kama ugomvi wa msikitini. Vijana fulani walianza kukataa kuswali na wazee wao, wakawaambia dini yao ni ya mila, wakawakataza watu wasipeleke watoto shule za serikali. Masheikh wa kule waliliona mapema na waliwaonya wenye mamlaka. Hawakusikilizwa kwa uzito uliostahili.

Wakati huo huo kulikuwa na mambo mengine ambayo hayana uhusiano na aya yoyote. Gesi nyingi iligunduliwa baharini kuanzia mwaka 2010. Rubi ikapatikana Montepuez, na wachimbaji wadogo wakafukuzwa. Wavuvi na wakulima wakahamishwa kupisha mradi. Kijana aliyekuwa anaona utajiri unapita mbele ya mlango wake kwenye magari ya vioo vyeusi alikuwa na hasira tayari, na mhubiri alimpa maneno ya kuitamka hasira ile. Tarehe 5 Oktoba 2017 wakavamia vituo vya polisi Mocímboa da Praia. Wenyeji waliwaita al-Shabab, ingawa si wale wa Somalia.

Serikali ilijibu kwa nguvu, misikiti ikafungwa, vijana wakakamatwa kwa makundi, na waliokuwa hawana upande wakalazimika kuchagua. Mwaka 2019 Dola ya Kiislamu, iliyokuwa imepoteza ardhi yake Syria na Iraq na inatafuta pa kupeperusha bendera, ikaanza kutangaza kwamba hawa ni watu wake. Oktoba 2020 wapiganaji walivuka Ruvuma wakashambulia kijiji cha Kitaya, Mtwara, wakaua na kuchoma nyumba. Machi 2021 wakaivamia Palma, na kampuni ya Ufaransa, TotalEnergies, ikasimamisha mradi wa gesi wa dola bilioni 20. Mwezi Julai askari wa Rwanda wakaingia, wakafuatiwa na wa nchi za SADC, Tanzania ikiwemo, na Ulaya ikaleta wakufunzi. Watu zaidi ya 800,000 walikuwa wameshakimbia makwao. Ugomvi wa nani awe imamu katika misikiti midogo ya pwani ulikuwa umefika Paris, Kigali na Brussels ndani ya miaka 4.

Ukiniuliza ni wapi ungeweza kuzuiwa, nitasema ni pale mwanzoni kabisa, masheikh walipokwenda kwa mkuu wa wilaya. Baada ya hapo kila mlango ulikuwa mzito zaidi kuufunga.

Nasema hivyo kwa sababu tumewahi kuuona mlango kama huo hapa Dar es Salaam. Oktoba 2012, Mbagala, watoto wawili walibishana. Mmoja akasema atakayekojolea msahafu atageuka kiumbe kingine. Mwenzake, mtoto wa Kikristo, akakojoa ili waone. Ubishi wa watoto, wa kukemewa na wazazi wa pande zote mbili jioni ile ile. Habari ikatoka nyumba moja hadi nyingine, kila inapofika imekua. Siku ya Ijumaa umati ukaenda kituo cha polisi ukidai upewe yule mtoto.

Polisi walikataa kumtoa. Umati ukageukia makanisa, kadhaa yakavunjwa na kuchomwa, mabomu ya machozi yakapigwa, watu wengi wakakamatwa. Waumini walioabudu katika makanisa yale hawakuwa wamefanya lolote. Walilipa deni la mtoto wasiyemjua, kama wale walinzi wa Laibon walivyolipa deni la Riyadh na Washington. Ila mtoto alibaki hai. Hebu jaribu kupiga picha asubuhi ya pili yake kama askari wa zamu angeogopa, akafungua mlango.

Kule Magomeni, mazungumzo yalipokuwa yanaisha, nilimwomba yule kijana anipe simu niitazame ile video tena. Lile wingu jeupe lilikuwa linanisumbua. Nikaangalia yale majengo, maghala ya nafaka pembeni ya maji. "Kaka, hii ni bandari ya Beirut," nikamwambia. "Ni ule mlipuko wa Agosti 2020. Mbolea iliyohifadhiwa vibaya ghalani. Haikuwa vita."

Akaitazama upya, akaniangalia mimi, akamwangalia mzee. "Nimeshaituma kwenye magrupu matatu," akasema kwa sauti ya chini.

"Basi ingia huko huko uwaambie," mzee akamjibu, na akamwongezea kahawa.

Alikaa kama dakika tano ameinama, anaandika kwa kidole gumba kimoja, grupu moja baada ya jingine. Abiria wa kwenda Kigogo alikuwa amesimama pembeni ya pikipiki akimsubiri amalize.